Hodi ya Saa Saba

Mwanakombo alinipigia simu asubuhi, nikiwa kliniki na foleni imefika mlangoni, na kwa kuwa si mtu wa kunisumbua saa za kazi, nilijua kabla hajatamka. "Eunike, Bi Raya hatunaye tena," alisema. "Kafia Pangani kwa Salim, alfajiri. Lakini wanamleta Mabawa. Aliusia atolewe nyumba ile ile. Wanaume watakwenda kuzika baada ya adhuhuri, ukitoka sasa utawahi." Nilivua koti, nikamwachia mwenzangu mafaili, nikapanda gari la kwanza kutoka Muheza. Njia nzima sikulia. Nilichokuwa nikifanya, na ninaona haya kukiandika, ni kupiga hesabu ya saa. Jeneza likitolewa baada ya sala, na wanawake hatuendi makaburini, basi saa saba mchana ningekuwa wapi? Ningekuwa uani kwa Bi Raya, karibu na mlango wa nyuma, mahali nilipojiapiza miaka zaidi ya ishirini iliyopita kwamba sitakaa tena saa hiyo.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu chuoni. Nilikotoka na aliyenizaa si hoja hapa. Inatosha kwamba nilishuka Tanga kutoka milimani na sweta mbili ambazo sikuzivaa tena. Shahada niliyosoma ilikuwa mpya, na jina lake hakuna aliyeweza kulikumbuka: afya ya tabia, kwa kuchanganya masomo. Asubuhi tulikaa na wauguzi tukijifunza dawa, mchana tukahamia kwa watu wa saikolojia, Jumatano ilikuwa sosholojia, Alhamisi sheria, na Ijumaa kabla ya sala mzee mmoja alitufundisha dini na mila za pwani. Wanafunzi wa masomo mengine walituita Mchanyato, kile chakula cha muhogo na ndizi na chochote kilichobaki jikoni, kikatiwa tui. Tulijibu kwamba mchanyato hushibisha. Moyoni, mimi angalau, nilikuwa na wasiwasi. Muuguzi anajulikana ni muuguzi. Mimi niliyejua kidogo cha kila kitu nilitaka mtu aniambie kwamba nimekuwa kitu fulani, na mtu huyo alikuwa Mwalimu Mhina, mkuu wa kozi yetu, mwanamume mwembamba wa sauti ya chini aliyetufundisha kuhoji wagonjwa. Alikuwa na msemo wake: "Andika ulichosikia. Usiandike unachotaka kiwe." Niliunakili ndani ya jalada la daftari. Mwaka ule kila mmoja wetu alitakiwa kufuatilia kisa cha mtu halisi kwa miezi kadhaa, na asiyekuwa na kisa hakuwa na mwaka wa nne.

Nilipanga chumba mtaa wa Mabawa, kwa Bi Raya, mjane wa Kipemba aliyekuja Tanga kuolewa na hakurudi kwao. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mama Frida, fundi cherehani, Mkatoliki mwenye picha ya Bikira juu ya marobota ya vitambaa. Cha pili tulilala mimi na Mwanakombo, binti wa Tongoni aliyesomea ualimu. Cha tatu kilikuwa cha Bi Raya mwenyewe, na humo harufu ya karafuu ilikuwa imeingia mpaka kwenye ukuta. Ukimwona ametoka, harufu ilitangulia kutoka. Kisha korido, kisha ua, jiko, pipa la maji, na mlango wa nyuma wa mbao wenye komeo la chuma. Tulikula pamoja uani, mkeka mmoja. Bi Raya hakuamini kwamba mtu anaweza kupika chakula cha mtu mmoja na kikawa na ladha. Wali wa nazi, mchuzi wa papa, kisamvu, siku za nguvu boko boko la ngano na nyama. Yeye alisema bismillahi, Mama Frida alipiga ishara ya msalaba, mimi nilifumba macho Kilutheri, na Bi Raya akatudhihaki: "Chakula hiki kimeombewa pande zote. Atakayeumwa na tumbo ana lake jambo." Nilimpenda tangu wiki ya kwanza. Nasema wazi ili msomaji asije akadhani nilifanya niliyoyafanya kwa kumchukia. Tulikuwa wanne, na sahani zilikuwa tano. Ya tano aliiweka kando ya mlango wa nyuma, amefunika kawa, na mimi nilidhani ni ya jirani.

Jumamosi ya pili tulikuwa tunakula, jua limesimama utosini, mtaa umelala. Sauti ikatoka nyuma ya mlango ule. "Hodi." Ilikuwa sauti ya msichana. Haikuwa ya kutisha, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, aliyetembea juani. Nikasikia pumzi ikivutwa. "Hodi." Mama Frida alikuwa anatoa mwiba mdomoni. Mwanakombo alikuwa akitazama wali wake. Bi Raya akasema, bila kupaza sauti, "Karibu, mwanangu, pita," akajizoazoa, akaenda kuvuta komeo, akauacha mlango wazi kwa upana wa kiganja, akarudi kula. Hakuna aliyeingia. Mazungumzo yaliendelea, nadhani yalikuwa ya bei ya uzi. Walipokwenda kupumzika nilijifanya naosha vyombo, nikachungulia. Nje palikuwa na nafasi ya hatua moja, halafu ukuta wa jirani, mrefu kuliko mimi, wenye vipande vya chupa juu. Jirani huyo alikuwa ameuziba uchochoro mzima, kulia na kushoto. Majani yalikuwa yameota mpaka magotini na hayakukanyagwa. Nikafunua kawa. Wali ulikuwepo wote, haukuguswa, ila ulikuwa umepoa kabisa, na wetu tulioacha kwenye sufuria juu ya meza ulikuwa bado unatoa mvuke.

Usinione mjinga, nilitaka kuuliza. Jioni chumbani nikaanza kwa kuzunguka. "Kombo, Bi Raya anaongea na nani pale mlangoni?" Alikuwa anasuka nywele zake, akaendelea kusuka. "Mwache, ana yake," alisema. Baada ya muda akaongeza, kama anayezungumza na kioo, "Sie kwetu Tongoni, jua la utosi, ukiitwa na mtu humwoni, huitiki. Wasubiri ya tatu. Binadamu ataita mara tatu, ana shida yake. Hicho kingine hakifiki ya tatu." Nikamwambia kwetu milimani hatuna mambo hayo. "Basi una raha," akasema. Sikumwuliza kama amesikia, naye hakuniuliza. Kumwuliza kungekuwa kukiri, na kukiri, kwa fikra zangu za wakati ule, kungekuwa kuitika. Basi tukaishi hivyo. Hodi haikuja kila siku. Ilikuja siku za ukimya, saa saba au karibu yake, mara mbili, haikuzidi, haikupungua. Nilijifunza kutotingishika. Nilijifunza kutafuna huku nasikia. Kila mara Bi Raya aliitikia peke yake, na sisi watatu tukainamia sahani zetu.

Muhula wa pili ulipoanza wenzangu wote walikuwa na visa vyao. Mimi sikuwa na kitu. Mwalimu Mhina aliniita ofisini, akaniambia kwa upole wake unaouma, "Eunike, mwezi huu ukiisha sina la kukusaidia." Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Bi Raya alinikalisha jikoni, akanipa uji wenye pilipili manga nyingi, akanitoa maneno. Nilipomweleza, alicheka. "Kumbe shida ni mtu wa kumwandika tu? Si uniandike mie? Andika, kama itakufikisha huko kwenye mwaka wa nne." Akaoga, akavaa kanga mpya, akakaa kitako jikoni kama anayepigwa picha. Nami nikatoa fomu.

Ilikuwa fomu ndefu, tuliyoizoea sote. Usingizi, hamu ya chakula, huzuni. Nikafika sehemu ya tatu, nikasoma kama ilivyoandikwa: "Je, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Bi Raya akanitazama. Hakuwa anacheka tena. "Nitajuaje kama wengine hawazisikii?" alisema. "Umewauliza?" Nikainamisha macho kwenye karatasi. Akangoja kidogo, kisha akanihurumia, akaendelea mwenyewe. Alikuwa na binti, Saumu, umri kama wangu, mwenye pumu. Mchana mmoja Saumu alikwenda kwa shoga yake, na wakati wa kurudi barazani mbele walikuwa wamekaa wageni wa kiume wa baba yake, kwa hiyo akapitia nyuma, uchochoro ukiwa bado wazi, kama mabinti wote wa heshima. Mlango ulikuwa na komeo. "Mie nilikuwa pale ulipokaa wewe, nakuna nazi," alisema Bi Raya. "Nikasikia hodi. N'kwambie kweli, mwanangu, sauti niliijua na sikuijua. Mtoto wa nyumbani hapigi hodi, huita mama. Na jua lilikuwa utosini. Marehemu mama yangu alinifunza nisiitike mpaka ya tatu. Ikaja ya pili. Nikashika mbuzi ya nazi, nikangoja ya tatu." Akapangusa ukingo wa bakuli langu kwa kidole ingawa palikuwa safi. "Hapakuwa na ya tatu. Baba yake ndiye aliyefungua, ataka kwenda kumwaga maji. Mwanangu alikuwa kaegemea mlango, keshakata roho. Labda pumzi ilimtosha neno hilo moja, mara mbili." Ndiyo maana, alisema, siku aliposikia tena, mwaka baada ya kuzika, hakungoja. "Hawezi kunipata na kosa lile mara ya pili. Nitakuwa hapa. Nitaitika ya kwanza."

Chini ya swali lile fomu ilikuwa na mstari mmoja mfupi, ambao mwenye kuhoji alitakiwa aujaze baada ya kuuliza watu wa nyumba: Je, yupo mwingine nyumbani aliyezisikia? Niliukalia mstari ule siku tatu. Sasa nina umri wa kutosha kujua nilichoogopa, nami nitakitaja. Niliogopa kwamba nikiandika yupo, Mwalimu Mhina atauliza ni nani, na nikisema ni mimi, nitatoka upande wa wanaohoji na kwenda upande wa wanaohojiwa. Niliogopa mchungaji wetu. Niliogopa kumwuliza Mwanakombo na Mama Frida wakasema hapana, nikabaki peke yangu na Bi Raya, na niliogopa zaidi wakisema ndiyo. Siku ya nne nikaandika kwa kalamu ya wino: Hakuna. Sikuwauliza. Ni neno moja, na lilinifaa kwa kila namna.

Mwalimu Mhina hakuwa mtu mbaya. Kisa kilimsisimua kwa sababu alimwonea huruma mwanamke anayemsikia mtoto wake aliyekufa, katika nyumba ambamo watu wengine watatu hawasikii kitu. Alikuja mwenyewe, akapiga hodi mlango wa mbele, akanywa chai, akazungumza na Bi Raya kwa adabu, akamwita Salim, mtoto wa kaka yake Bi Raya, kutoka Pangani. Nilikuwa chumbani, nimeacha mlango wazi kidogo. "Shangazi yako hana ukichaa, usiogope neno hilo," alimwambia Salim koridoni. "Ila angekuwa na mwingine anayesikia ningesema ni majonzi na mila, tungemwacha alivyo. Peke yake, siwezi." Salim akauliza, "Na hawa mabinti?" Mwalimu akajibu, "Yupo mwanafunzi wangu humu humu. Amechunguza." Bi Raya alipelekwa kliniki, akapewa vidonge. Sina ugomvi na vidonge vile. Nimewapa watu wengi tangu hapo na nimeona watu wakirudi kwenye akili zao, wakirudi kazini, wakirudi kwa watoto wao. Siilaumu dawa. Naulaumu mstari.

Alitulia. Alilala mapema, akaacha kututania, akaanza kusahau chumvi, yeye Bi Raya. Na Jumapili moja tulipokuwa mkekani sauti ikaja nyuma ya mlango, "Hodi," nikamtazama. Alikuwa anamega samaki. "Hodi." Akatia tonge mdomoni, akatafuna, macho yake yametulia kabisa. Mlango haukufunguliwa. Nilisikia, naapa, kitu chepesi kikiegemea mbao kwa nje, kikateleza taratibu mpaka chini. Mkono wangu ulikuwa ndani ya wali na sikuweza kuutoa. Mama Frida aliinuka ghafla akasema ameacha pasi ikiwaka. Mwanakombo alikwenda chooni na hakurudi kumaliza chakula chake. Niliona hayo yote kwa macho yangu, mimi niliyekuwa nasomea kuangalia watu, na nikajiambia kwamba Mama Frida ameacha pasi.

Haikupita wiki nyingi, Salim akaja kumchukua akakae kwake, kwa kuwa hakustahili kuachwa mikononi mwa wapangaji. Bi Raya hakubisha. Alikuwa amekaa kitandani, sanduku miguuni, akatuita mmoja mmoja kutuaga. Zamu yangu ilipofika nikapiga goti. "Shikamoo, bibi." Akaniitikia marahaba, akanishika mkono, akausogeza karibu na uso wake kama anayenusa. "Eunike, mwanangu, nikuulize. Siku hizi haji?" Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili, fomu ilikwisha kusomwa na kutiwa alama. Nikasema, "Haji, bibi." Akaniachia mkono. "Kachoka kungoja," alisema. "Na mie sikumwona akiondoka." Sijawahi kuona uso uliofungwa namna ile, wala sitaki kuuona tena. Mwaka ule kisa changu kilikuwa cha kwanza darasani. Mwalimu Mhina aliwasomea wenzangu sehemu yake, akasema, "Hivi ndivyo mtu anavyosikiliza." Nilihamia bwenini, nikasema ni ili niwe karibu na maktaba.

Jeneza lilikuwa limekwisha kutoka nilipokuwa nanawa miguu uani. Sauti za wanaume zilififia upande wa barabara, tukabaki wanawake. Nyumba ilikuwa ile ile, ila karafuu haikunuka. Mke wa Salim, ambaye sikuwahi kukutana naye, alitusimulia koridoni jinsi mgonjwa alivyokuwa hana makuu, dawa akinywa mwenyewe bila kusukumwa. "Neno lake lilikuwa moja tu," alisema. "Kila mchana: kule Mabawa nani anamwitikia? Sie twasema, nani, shangazi? Hasemi. Alikuwa anaweweseka, masikini." Mwanakombo, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na ana sauti ya kuwanyamazisha watoto mia, aligeukia ukuta. Wengi walikwenda kujilaza vyumbani. Tulibaki uani sisi watatu wa zamani, kila mtu na kazi yake, kwa sababu kuna watu wa kulishwa wakirudi. Mama Frida, mzee sasa, miwani imefungwa kamba, alikuwa kwenye kigoda anamenya vitunguu saumu. Mwanakombo alikuwa penye pipa anachota maji. Mimi nilikuwa jikoni, mgongo kwenye mlango wa nyuma, napepeta mchele, na sikuwa nimetazama saa makusudi.

"Hodi."

Ungo ulisimama mikononi mwangu. Ilikuwa sauti ile ile, haikuzeeka hata siku moja, na ilikuwa imechoka zaidi. Nilifikiri: nina miaka karibu hamsini, nina wagonjwa wanaoniamini, kesho nitakaa tena kwenye kiti changu na kuwauliza watu swali lile. Nikasikia ile pumzi ikivutwa. "Hodi."

"Karibu," nikasema.

Neno halikutoka peke yake. Lilitoka penye pipa, na lilitoka penye kigoda, kwa pumzi moja, sauti tatu za wanawake watu wazima kutoka pembe tatu za ua mmoja. Niligeuka. Kata ilikuwa imemwanguka Mwanakombo na maji yalikuwa yanamlowesha miguu. Mama Frida alikuwa ameshika kisu hewani. Alitutazama, mmoja, kisha mwingine, akasema polepole, "Kumbe na nyie."

Mwanakombo alikaa chini penye maji, akafunika uso kwa mtandio, akalia kwa sauti, akisema jina la Bi Raya. Mimi sikuweza kulia. Nilikuwa naiona karatasi, mstari mfupi, na mwandiko wangu mzuri wa mwaka wa tatu. Mama Frida akainuka kwa kushika ukuta, akaenda, akavuta komeo lililoshika kutu, akauacha mlango wazi kwa upana wa kiganja. Wali wa kwanza wa watu wa msiba ulikuwa tayari sufuriani. Nikapanga sahani mkekani. Tulikuwa watatu. Nikapakua tano.